Kabla ya Kununua Maiki Nyingine
Mhadhara kwa maprodyuza, wapiga vyombo na mafundi mitambo wa kwaya, Mwanza

Wakubwa, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Karibuni nyote, wa Igoma, Nyegezi na Kirumba, na ninyi mliovuka daraja kutoka Sengerema.

Mada ni hamu ya kununua vyombo: leo maiki, kesho kinanda, keshokutwa spika, na wimbo bado haujatoka. Naomba niseme mapema ninachoamini. Hamu hii haiishi kwa kujinyima. Anayejinyima huhesabu siku tu, na fedha ya shughuli ikiingia anaipeleka yote dukani. Huisha pale mtu anapoweza kuitaja kasoro ya kazi yake kwa usahihi: iko dakika ya ngapi, iko kwenye sauti ipi, inaletwa na nini. Ukishafika hapo, mara nyingi unakuta duka halina dawa yake.

Basi shika daftari. Sikiliza nyimbo zako tatu za mwisho, kwa hedifoni na kwa spika, bila kugusa kompyuta. Chora safu tano: wimbo, dakika, kasoro, nilichojaribu, matokeo. Usiandike “sauti haina ubora”, hilo halitibiki. Andika “ubeti wa pili, mwimbaji anasikika kama yuko mbali, herufi s inachoma”. Hiyo inatibika.

Tuanze na huyo mwimbaji wa mbali, kwa sababu ndiye anayeuza maiki nyingi kuliko tangazo lolote. Vyumba vyetu vingi vya kurekodia ni vya kuishi: sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo, juu mabati au jipsamu. Mwimbaji akisimama sentimita 60 kutoka kwenye maiki, sauti ya mdomo inafika pamoja na ile iliyogonga kuta na kurudi. Msogeze hadi sentimita 15. Umbali umepungua nusu mara mbili, na kila nusu huongeza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo sauti ya mdomo imepanda desibeli 12 ilhali mwangwi wa chumba umebaki palepale. Sasa shusha geni, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki, na mwangwi unashuka nao. Hakuna maiki ya bei yoyote itakayokupa tofauti hiyo ukiwa umesimama mbali.

Kusogea kuna gharama yake. Maiki inayosikiliza upande mmoja huongeza besi mdomo unapokaribia, hivyo kata masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Herufi p na b zikilipuka, weka kichujio cha kitambaa katikati, kisha geuza maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni yake. Herufi s ikichoma, jaribu kuishusha maiki ielekee kidevuni. Nyuma ya mwimbaji tundika blanketi mbili nzito, zikae sentimita 10 mbali na ukuta, maana maiki inamtazama yeye na ukuta ulio nyuma yake.

Trei za mayai naomba tuziache kabisa. Karatasi ile ni nyembamba mno kunyonya sauti, na nyaya zikipata hitilafu inashika moto haraka. Inaniuma kuona chumba kizima kimebandikwa trei, kisha mwenye chumba analaumu maiki.

Spika nazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina tatizo ambalo spika kubwa hulizidisha. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6, unapata hezi 57. Noti ya besi iliyo karibu na hapo hujaa kwenye kuta na kupotea katikati ya chumba. Chumba kikiwa mraba, pande mbili zinagongana kwenye masafa yaleyale na hali inakuwa mbaya zaidi. Prodyuza aliyekaa katikati haisikii besi hiyo, anaiongeza, wimbo ukipigwa kwenye daladala unanguruma. Anadhani spika za inchi 5 ni ndogo, ananunua za inchi 8, nazo zinatia nguvu zaidi kwenye hezi zilezile. Aliyepaswa kuhama ni kiti. Kaa kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwa mita 3 ni kama mita 1.14. Kisha cheza mlio mmoja mmoja kuanzia hezi 40 hadi 200, ukiandika unaovimba na unaopotea. Sogeza kiti sentimita 10, rudia. Kazi ya alasiri moja.

Kuna kasoro tatu nyingine zinazopelekwa dukani bure, nazipitia haraka. Ya kwanza, mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, inalaumiwa kadi ya sauti. Angalia bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa: sampuli 1024 kwa hezi 44,100 ni milisekunde 23, tena njia moja tu, sampuli 128 ni karibu 3. Rekodi kwa 128, ukizima plagini nzito (programu za kurekebisha sauti), kisha rudi 1024 wakati wa kumiksi. Ya pili, mngurumo wa umeme, wa hezi 50 na 100. Chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukinyamaza, mara nyingi tatizo ni mzunguko wa ardhi, yaani vyombo vimeunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi ya ukutani ileile, tumia nyaya za XLR zenye pini tatu, na usikate kamwe pini ya ardhi, maana ndiyo inayolinda uhai wa mshika maiki. Ya tatu, mlio wa chechecheche unaodhaniwa ni wa “maiki dhaifu”: maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme, ni ya kazi ya karibu, basi isogeze mdomoni. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vifike kama desibeli hasi 12, usihangaike kujaza kipimo cha sauti hadi juu.

Sasa jambo linalohusu kwaya. Sauti zimesongamana, maneno hayaeleweki, kamati inaambiwa inunue mikseri mpya. Sikilizeni kwanza mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Kama anapiga kodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja) chini ya C ya kati, huku gitaa la besi liko palepale na la rithimu linagonga nyuzi zote sita, basi hezi 100 hadi 300 zimejaa vyombo vitatu. Mkono wa kushoto upumzike, rithimu ipige nyuzi tatu za juu tu. Kumbukeni bendi za dansi zilirekodiwa Redio Tanzania kwenye tepu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na kila gitaa lina mahali pake. Kugawana nafasi kulifanyika mazoezini. Na anayetaka kurekodi ngoma za Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma, asianze na seti ya maiki nane. Aweke moja mita 1 kutoka kwenye ngozi, ainue, ashushe, asogee sentimita 10 kila mara, hadi pigo la fimbo na tumbo la ngoma visikike sawa.

Na ikitokea kweli chombo kinahitajika? Mimi nashauri masharti matatu. Kasoro ileile imeandikwa kwenye nyimbo tatu. Majaribio ya bure yamefanyika yote. Na chombo kimekodiwa au kuazimwa kwa siku moja, kikaitibu kasoro hiyo. Kukilinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa sababu kinachosikika juu kidogo hata kwa desibeli 1 kitaonekana bora. Mwenzako abadilishe mara 10 bila wewe kuona, nawe utaje kila mara ni kipi. Ukipatia 9, masikio yako yanasema kweli. Ukipatia 5, umebahatisha, na fedha ibaki mfukoni. Video za mapitio ya vyombo haziwezi kufanya kazi hiyo: sauti yake imebanwa, na chumba chake si chako.

Vipo vitu ninavyovipa fedha bila daftari. Nyaya nzuri na pasi ya kulehemu ya kuzitengeneza, ukikumbuka kwenye XLR pini ya 1 ni ya waya wa nje, ya 2 ni ya waya wa sauti uitwao moto, ya 3 ni ya mwenzake uitwao baridi. Kifaa cha kulinda kompyuta umeme unapokatika katikati ya kurekodi. Na diski mbili za nje, kwa sababu maiki iliyoharibika inabadilishwa, lakini sauti ya mwimbaji iliyofutika hairudi. Moja ikae studio, ya pili nyumba nyingine kabisa, na kila Jumamosi zibadilishane.