Mtayarishaji Aliyetokea Kwenye Mkasi

Ndugu zangu, lile ninalolisema kila mnaponipa kipaza sauti nalirudia: mtayarishaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya uhariri anatapanya fedha za watu. Shahidi wangu leo ni Sam Zimbalist, mtayarishaji wa filamu wa Hollywood.

Alianza kukata filamu katika studio ya Metro akiwa kijana wa miaka 16. Hapo ondoeni kabisa kompyuta akilini. Mhariri wa zama za filamu bubu aliuinua utepe kwenye mwanga, akaupitisha vidoleni, akitafuta picha moja tu ambapo mkono wa mwigizaji ndio kwanza unaanza kuinuka. Futi moja ina picha 16! Akiipata, anakata, anakwangua ukingo, anapaka gundi, anabana. Kisha kinachofuata. Mtu wa namna hiyo anajua kwa vidole vyake ni kiasi gani cha kilichopigwa kwa gharama kitaishia sakafuni. Sauti ilipoingia, yeye ndiye aliyehariri The Broadway Melody ya 1929, filamu ya kwanza yenye sauti kupata Oscar ya filamu bora.

Najua kuna anayetaka kuniambia, "Mwalimu, kazi ya mtayarishaji si kutafuta fedha tu?" Hapana! Hapana kabisa. Tazameni alichofanya alipoleta kamera huku kwetu. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na humo hamna okestra. Filamu kubwa ya Hollywood, ya safari na mapenzi, bila fidla! Unasikia ngoma na nyimbo za watu wa huku. Ikaja Mogambo ya 1953, mwongozaji akiwa John Ford: tena muziki ni wa wenyeji, ukiondoa piano. Mara moja ningesema bahati. Mara mbili, mimi naona sikio la mhariri, anayejua kwamba picha iliyounganishwa sawasawa inatembea yenyewe. Wanaosema filamu hizo zilitutazama kwa jicho la mkoloni wanasema kweli, nami nasema pamoja nao. Ufundi wake tuuchukue hata hivyo.

Na mafundi wa King Solomon's Mines hakuwaacha. Andrew Marton, mmoja wa waongozaji wawili wa King Solomon's Mines, ndiye aliyesimamia mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur ya 1959, ambayo pia Zimbalist ndiye mtayarishaji wake. Robert Surtees alishika kamera katika filamu zote mbili. Ralph Winters alikuwa mmoja wa wahariri katika zote mbili. Mbio zile ni kama dakika 9, na zikishaanza hamsikii muziki: kwato, magurudumu, kelele za watu. Ninyi mngejaza ngoma za kompyuta kuanzia sekunde ya kwanza, na mnajua ni kweli!

Zimbalist alifariki Roma Novemba 1958, upigaji picha wa Ben-Hur haujaisha. Oscar ya filamu bora iliyopata Ben-Hur ilipokelewa na mjane wake, 1960.

Nilitaka kuwaeleza filamu yake nyingine, Quo Vadis, na jinsi picha zilizopigwa huku kwa King Solomon's Mines zilivyotumika upya katika filamu ya Watusi ya 1959, lakini naoneshwa saa. Basi nina ombi moja kwa watayarishaji mlioko humu: mradi wenu unaofuata, mwiteni mhariri siku mnayosoma muswada, na mlipeni kwa siku hiyo.