Mgonjwa Aulizwe Kazi Yake: Mhadhara Kuhusu Tiba Kazi, Ilemela, Mwanza

Ndugu zangu, wazee wangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe. Leo nazungumza zaidi na wanaouguza wagonjwa nyumbani.

Wengi mnawajua watu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi. Sisi wa tiba kazi, yaani tiba inayotumia shughuli za kila siku za mgonjwa, tunafanya kazi nao bega kwa bega, ila tuna swali letu: mkono huo ulikuwa unaufanyia nini? Mvuvi wa Igombe aliyepata kiharusi atakwambia kutengeneza nyavu. Mama wa Mwaloni atataja kuanika dagaa, kusonga ugali, kumbeba mjukuu mgongoni. Basi tiba inaanzia hapo. Tukimpa mvuvi kipande cha wavu uliochanika, vidole vinafanya mazoezi, na yeye anajua anayafanya kwa ajili ya nini.

Sasa nina ombi, na ninaliomba kwa moyo wote: msimfanyie mgonjwa kila kitu. Najua ni huruma. Baba akipooza upande mmoja, watoto wanapokezana kumlisha, kumwogesha, kumvisha. Lakini ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kutenda, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Tukimlisha kila siku wakati angeweza kushika kijiko, tunaipoteza miezi hiyo.

Chukueni shati. Mkalishe kwenye kiti imara, nyayo zikanyage chini. Mkono mgonjwa uingie kwanza, aupandishe mkono wa shati mpaka begani kwa ule mzima, alizungushe mgongoni, ndipo mkono mzima ufuate. Kuvua ni kinyume: mzima utangulie kutoka. Mara ya kwanza atachelewa sana, atatoka jasho, na ninyi mtatamani kuingilia. Ngojeni. Msaidieni pale tu anapokwama.

Na tafadhali, msimnyanyue kwa kuuvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea, kiungo kinaweza kuteguka, na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Mpini wa kijiko uviringishieni mpira wa tyubu ya baiskeli, unenepe, ushikike. Bakuli likiteleza, wekeni kitambaa kibichi chini yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kutengenezewa kiti cha maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, kwa vipimo vyake mwenyewe. Kiti hicho kina thamani kubwa, kwa sababu mtoto anayelishwa amelala chali chakula huweza kumpitia njia ya hewa, na nimonia ikafuata.

Wataalamu wetu bado ni wachache. Huduma ikibaki hospitali kubwa ya Bugando, mjini Mwanza, peke yake, mama wa kisiwa cha Ukara atakuja mara moja tu, maana nauli na siku za kukosa kazi zinamshinda, na tiba hii inataka kurudiarudia. Ndiyo maana naitetea hospitali ya jamii kama hii.

Wauguzi wa wodini, mgonjwa wa kiharusi hali ikitulia tuiteni angali kitandani. Msisubiri siku ya kuruhusiwa. Nanyi ndugu, mkimleta kwetu, mleteni na kifaa chake cha kazi, uwe mwiko au sindano ya nyavu.