Asilimia Ndogo, Moto Mkali

AMINA: Karibuni tena, tuko Nairobi na baridi ya Julai haina huruma na ngozi. Otieno, mbona unajikuna hata kabla hatujaanza?

OTIENO: Kiwiko, dada. Ukurutu ukisikia baridi huamka. Lakini leo naungama habari za uso. Mwaka jana nilipita kemisti fulani karibu na steji ya matatu, nikaonyesha mabaka shavuni. Kijana wa kaunta akanipa tyubu ya krimu bila swali hata moja. Siku tatu, shavu laini kama la mtoto!

AMINA: Ukaendelea.

OTIENO: Miezi miwili. Nilipoacha, uso uliwaka kama nimepakwa pilipili, na vipele vikanizunguka mdomo.

AMINA: Tyubu iliandikwa nini?

OTIENO: Klobetasoli, asilimia 0.05. Nikajiambia, hiyo nayo ni dawa?

AMINA: Hapo ndipo wengi hunaswa. Kati ya krimu za steroidi, yaani dawa za kupaka za kutuliza ngozi iliyowaka, haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu, klobetasoli ya 0.05 iko daraja la juu kabisa la ukali. Hoho nzima na kipande cha pilipili kichaa, kipi kitakutoa machozi? Na uso, kope, kwapa na kinena vina ngozi nyembamba, dawa hupenya upesi. Ngozi inakonda, mishipa midogo inajitokeza, na kwetu weusi rangi inaweza kupauka. Ndiyo maana wauza mkorogo wanaipenda. Karibu na macho, presha ya jicho inaweza kupanda.

OTIENO: Basi nikaogopa, nikatupa zote, hata ya kiwiko.

AMINA: Ukakosea mara ya pili! Halafu mtu aliyepaka kali kwa miezi asiikate ghafla, amwone daktari kwanza. Lakini kiwiko kikiwaka, kitibu. Hebu lete kidole cha shahada. Kamua dawa kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza.

OTIENO: Kamstari haka tu?

AMINA: Hako ni kama nusu gramu, kanatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mara moja au mbili kwa siku, kwa muda uliopewa. Mafuta ya kulainisha ngozi ndiyo ya kila siku, hata ukiwa umepona. Ila usiyapake papo hapo na dawa, acha kama nusu saa.

OTIENO: Na shangazi yangu anayepaka hiyo hiyo kwenye choa?

AMINA: Woi! Mwasho unanyamaza, kuvu inazidi kutambaa. Lile duara linapoteza umbo hadi daktari mwenyewe anaweza kudhani ni kitu kingine.

OTIENO: Anasema imemsaidia, inarudi tu akiacha.

AMINA: Si ndiyo hiyo sasa! Anapaka tangu lini?

OTIENO: Tangu Pasaka. Ngoja nimpigie... Shangazi, shikamoo. Ile tyubu yako iko karibu? Nisomee jina lake. Hapana, sio bei. Jina.