Wenye Nyumba wa Pangani

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Nimekuja na neno zito: malaya. Leo ni tusi. Lakini katika vijiji vya Waafrika vya Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20, lilitaja namna maalumu ya kufanya kazi. Aliyetafuta wanaume njiani aliitwa mtembezi. Malaya alikaa chumbani mwake, akangoja hodi. Mgeni akipokewa alipata chai, chakula, maji ya kuoga, na kitanda hadi alfajiri, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Kuwadi hakuwapo. Pesa iliingia mkononi mwa mwanamke, ikabaki humo.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe na njaa kufagia vijiji. Watembezi wengi walipeleka pesa kwao, zizi la baba likajaa tena. Malaya akajiwekea mwenyewe. Na akiba ile aliifanyia nini? Alijenga! Nyumba ya miti na udongo, katika kijiji cha Pangani hapo Nairobi au kwingineko, akalala chumba kimoja na vingine akapangisha. Pumwani, mtaa mwingine wa Waafrika wa Nairobi, ilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1920, wanawake hawa walikuwa miongoni mwa waliojenga.

Hapa naomba tusipite haraka. Mwajiri alimlipa kibarua mshahara wa mtu asiye na mke wala nyumba. Basi nani alimlisha, akamwogesha, akampa pa kulala ili kesho arudi kazini? Ni mwanamke huyu. Serikali ya kikoloni ililijua hilo, na kwa miaka mingi ikamwacha afanye kazi yake, kwa kuwa alikuwa akiipunguzia gharama. Mimi nasema wazi: mji ule ulisimama juu ya mgongo wake, na historia yetu haijamlipa.

Wengi wa wanawake hawa walisilimu. Mwenye nyumba aliyeachana na ukoo wake aliweza kumwachia nyumba binti wa kulea, au shoga yake, yaani rafiki wa kike, waliyezeeka pamoja, badala ya ndugu wa kiume waliomkana.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa. Wenye nyumba wakaelekezwa kwenye mtaa mpya wa nyumba za manispaa. Husimuliwa kwamba waliambiwa kuhama ni shauri ya moyo wa mtu. Mtaa ule mpaka leo unaitwa Shauri Moyo.