Nyumba ya Kichochoroni Salatiga: Mhadhara juu ya Kuishi na Kuwekeza

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitoa jioni yenu kwa ajili ya mji ambao pengine wengi wenu hamjawahi kuusikia. Niliombwa nizungumzie uwekezaji wa nyumba nchini Indonesia, na najua kwamba nchi hiyo ikitajwa, mawazo hukimbilia Bali na fukwe zake. Mimi nawapeleka kwingine: ndani ya kisiwa cha Java, mbali na bahari, katika mji mdogo wa Salatiga, ulio kwenye miteremko ya Mlima Merbabu, kusini mwa jiji la Semarang, katika barabara iendayo Surakarta, mji ambao wenyeji huuita Solo. Nilipanga nyumba huko kwa miaka mitatu, kwa hiyo nitakayoyasema niliyaona kwa jicho la mpangaji, si la tajiri.

Mji huo unahesabu umri wake kutokana na suala la ardhi. Kuna jiwe liitwalo Plumpungan, lenye maandishi ya tarehe 24 Julai mwaka 750, yanayotangaza kwamba eneo fulani limesamehewa kodi, na siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa mji. Waholanzi, waliokuwa wakoloni wa nchi hiyo, waliupenda kwa ubaridi wake. Tangu mwaka 1956 una Chuo Kikuu cha Satya Wacana, kinachovuta vijana kutoka visiwa vingi, na mwaka 2017 barabara ya kulipia kutoka Semarang ilifika hapo, kisha mwaka 2018 ikaendelea hadi upande wa Solo. Barabara ilipokuja, madalali nao wakaja. Hilo halihitaji maelezo mbele ya hadhira hii.

Sasa tuingie kichochoroni. Neno kampung, likitumika mjini, halina maana ya kijiji. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana nyuma ya barabara kubwa, zikiunganishwa na vichochoro viitwavyo gang. Kichochoro changu kiliruhusu pikipiki mbili kupishana iwapo mmoja wa madereva angekunja kiwiko. Mlangoni mwa mtu husemwa "kulo nuwun", ambayo ni hodi kamili, na ndani hujibiwa "monggo", yaani karibu. Ukipita mbele ya wazee walioketi, unainama kidogo na kusema "nuwun sewu", yaani samahani. Mgeni asiyesema maneno hayo hatafukuzwa wala kukemewa, ila hatapata kujua kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake inauzwa, kwa sababu nyumba za gang huuzwa kwa habari za mdomo kwa mdomo kabla hazijafika kwa dalali.

Kaya kadhaa huunda kitengo kiitwacho RT, na RT kadhaa huunda RW. Mfumo huu una mizizi katika vikundi vya majirani vilivyoanzishwa na Wajapani walipoikalia Java kati ya mwaka 1942 na 1945. Wenzangu wa Tanzania watamkumbuka balozi wa nyumba kumi, na hawatakuwa wamekosea sana. Mwenyekiti huitwa Pak RT, na vibao vya mitaani humtaka mgeni anayelala aripotiwe kwake ndani ya saa 24. Kuna siku za msaragambo wa kuzibua mitaro, kuna upatu unaoitwa arisan, na kuna zamu za ulinzi wa usiku.

Naomba nisimame kidogo kwenye ulinzi huo. Ukutani mwa kila nyumba, karibu na mlango, huning'inia kikopo kidogo. Zamani mwenye nyumba alitia humo chembe za mchele, kiasi cha kubanwa na ncha za vidole, na ndiyo maana desturi hiyo huitwa jimpitan, kutokana na neno jimpit, yaani kubana kwa ncha za vidole. Siku hizi wengi hutia sarafu. Walinzi wa usiku hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya, na kinachopatikana hutengeneza taa ya kichochoro au hupelekwa kwa mgonjwa. Kwa kuwa mkono wa mlinzi hufika kwenye kila kikopo kila usiku, kikopo kitupu siku tatu mfululizo ni habari: huenda mwenye nyumba amesafiri, anaumwa, au ana mfundo moyoni. Mimi nilisahau changu wiki ya kwanza, na asubuhi ya siku ya nne jirani, mama wa makamo, alikuja na sahani ya tumpang koyor kuuliza kama nina homa.

Naeleza kikopo hiki kwa sababu sheria ya ardhi ya nchi hiyo, sheria namba 5 ya mwaka 1960, inatamka katika kifungu cha 6 kwamba kila haki ya ardhi ina wajibu wa kijamii. Mwanasheria anaweza kukisoma kifungu hicho kama pambo. Mkazi wa gang anakiishi, na mwekezaji asiyekielewa hununua kuta tu.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayomzuia mgeni. Miliki kamili, iitwayo hak milik, ni ya raia wa Indonesia; kifungu cha 21 kinasema hivyo waziwazi. Sisi hatuna haki ya kushangaa, maana Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Njia ya mkato ipo na mimi mwenyewe niliwahi kuletewa: dalali mmoja alinishauri ninunue kwa jina la raia, kisha tuandikishane pembeni kwamba fedha ni zangu. Kifungu cha 26 kinabatilisha mpango wa aina hiyo, ardhi huangukia mikononi mwa serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa zirudishwe. Anayewaambia kwamba "kila mtu anafanya hivyo" anasema kweli kuhusu watu, si kuhusu sheria.

Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata haki ya kutumia, hak pakai, ya miaka 30, inayoweza kuongezwa 20 na kuhuishwa tena 30, lakini kuna bei ya chini iliyowekwa kwa kila mkoa, na nyumba ya kichochoroni haiikaribii. Kampuni ya kigeni nayo hutakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Kwa mtu wa kipato cha kawaida kinachobaki ni kupanga kwa mkataba wa miaka mingi mbele ya mthibitishaji wa mikataba, akikarabati kwa makubaliano. Aliyeoa au kuolewa na raia asome uamuzi wa Mahakama ya Katiba namba 69/PUU-XIII/2015, uliotolewa mwaka 2016, uliofungua mlango wa kutenganisha mali hata baada ya ndoa, ili mwenzi aliye raia aweze kumiliki ardhi kwa jina lake.

Biashara yenyewe ni kos, vyumba vya wanafunzi. Inalipa polepole, na hutegemea kalenda ya chuo. Wapangaji wa kos wakipiga kelele usiku, Pak RT hamwiti mwanafunzi. Anamwita mwenye nyumba.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kama kuna cheti cha ofisi ya ardhi au ni karatasi za zamani za kijiji, Letter C na girik. Kanuni ya mwaka 2021 iliwapa wenye nyaraka hizo miaka 5 kuzisajili, na baada ya hapo hazihesabiki tena kuwa ushahidi wa miliki. Ulizeni umeme ni wa kiwango gani, volti-ampea 900 au 1,300, yaani kiasi ambacho nyumba inaweza kuvuta kwa wakati mmoja. Mita nyingi ni za kununua namba kabla ya kutumia umeme, kama LUKU yetu ya Tanzania. Ulizeni shimo la choo la jirani liko umbali gani na kisima chenu. Halafu msiende kuiangalia nyumba mwezi wa Agosti, ambapo kila kitu ni kikavu na kila paa ni zima. Nendeni Januari, saa kumi jioni, mvua ikiwa imekolea, msimame katikati ya kichochoro muone maji yanaelekea mlangoni kwa nani, na nani anatoka na jembe.