Kurudisha na Kujenga: Bima ya Afya na Mtoto Anayechelewa Kukua

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wenzangu, nanyi mliotoka kwenye kampuni za bima, asanteni kwa kuja. Mtindio wa ubongo, unaovuruga misuli na mwendo wa mtoto, na usonji, unaovuruga mawasiliano yake, sitaeleza zaidi; wengi humu wanalala nao na kuamka nao. Nimekuja na neno moja. Nimelisema Mbale, nimelisema Arua, leo nalisema tena hapa Kampala. Neno lenyewe ni "kurudisha".

Binti yangu alifika miaka 2 shingo haijakaza. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nikampeleka kwenye kliniki moja ya mazoezi ya viungo hapa mjini, kadi ya bima ya kazini nikiwa nayo mkobani. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo kijana aliyeumia goti akicheza mpira. Dada wa mapokezi akapitisha kadi yake, mashine ikakubali: vipindi 10. Ikafika zamu yetu. Kampuni ileile, kadi ya rangi ileile. Dada akapiga simu, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma. "Mama, wanasema hii hawalipi."

Nikaomba nizungumze nao mwenyewe. Bwana aliyepokea alikuwa mpole, hilo sitamnyima. Akanisomea mkataba: bima inalipia mazoezi ya kurudisha uwezo uliopotea. "Sasa mama, mtoto wako hajapoteza kitu. Hakuwahi kukaa."

Hakuwahi kukaa! Miaka 4 imepita na maneno hayo bado yananikaba koo.

Nikatoa shilingi 50,000 taslimu, tukaingia. Chumba kilikuwa kimoja. Kijana yuko kwenye kitanda cha dirishani, anakunja goti, ananyoosha. Binti yangu yuko chini kwenye mkeka, kifua juu ya mpira mkubwa wa buluu, anasukumwa mbele na nyuma polepole mpaka ainue kichwa. Mtaalamu ni mmoja. Akitoka kwa huyu anakwenda kwa yule, na mikono yake ni ileile. Goti la kijana lilikuwa linarudi, shingo ya mwanangu ilikuwa inakuja. Kazi ya kwanza ikaitwa matibabu, ya pili ikaitwa shida ya mama yake.

Msiniambie ndivyo sheria zilivyo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Someni kifungu cha 26. Kinataja yote mawili: kumjengea mtu uwezo ambao hajaupata, na kumrudishia alioupoteza. Marekani nako, sheria yao ya bima ya mwaka 2010 iliyaweka yote mawili pamoja, kwa sababu kampuni za kule zilikuwa zinakwepa kwa mlango huuhuu.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa: ada itapanda. Haya, tuhesabu. Utafiti uliofanywa hapa kwetu Uganda, Iganga na Mayuge, ukachapishwa 2017, ulikuta watoto wenye mtindio wa ubongo ni karibu 3 katika kila 1,000. Wengi kuwabebea mzigo watatu, si ndiyo bima yenyewe? Halafu niambieni, mtoto asiyefundishwa kumeza anafikia wapi? Anapaliwa, uji unaingia mapafuni, analazwa na nimonia. Hapo kadi inakubali! Mnalipa kitanda, oksijeni na sindano, mnakataa kumlipa yule ambaye angemfundisha kumeza.

Na yule anayesema hospitali za serikali ni bure tangu 2001: ni kweli, na wataalamu wa hospitali ya Mulago hapa Kampala wanajitahidi. Lakini dawa ya malaria unaimeza siku 3 imekwisha. Shingo inakaza kwa miezi, mara mbili kwa wiki. Mama wa Mityana amfunge mtoto wa miaka 5 mgongoni, apande taksi, kisha boda boda, arudi usiku, na keshokutwa tena? Atakuja mara ya kwanza, atakuja ya pili. Ya tatu hamtamwona.

Naonyeshwa muda umekwisha. Tiba ya usemi, na walimu wa chekechea, hayo tutayazungumza kwenye chai. Moja tu la haraka: Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, ukakosa saini ya Rais. Utakaporudi, neno "kujenga" liwemo ndani, limeandikwa, tusiambiwe litakuja kwenye kanuni zitakazotungwa baadaye.

Na ninyi wazazi, ukikataliwa usiondoke na jibu la simu. Mimi niliondoka nalo, nikakosa cha kuonyesha mahali popote. Omba barua, yenye tarehe, yenye sababu. Pale mlangoni kuna meza na dada mwenye daftari la kijani. Aliye na barua yake aiache nakala kabla hajapanda taksi.