Kabla ya Baruti, Kitabu

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Niliombwa nizungumzie mashine za kujazia risasi, yaani za kujiundia risasi nyumbani, nami nikaomba ruhusa nizungumzie vitabu vya mwongozo wa kazi hiyo. Mashine duni itakuchosha mikono tu. Kitabu kisichokufaa, au kizuri kilichosomwa haraka haraka, kinaweza kupasua bunduki mbele ya uso wako.

Nachukulia kwamba kila aliyeketi hapa anamiliki silaha kihalali na sheria ya kwao inamruhusu kujaza risasi nyumbani. Asiye na ruhusa hiyo, basi, asikilize kwa kujifunza tu.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Kazi ya kitabu cha mwongozo ni kukuambia vinne hivyo vikutane kwa vipimo gani ili shinikizo la gesi ndani ya bunduki lisivuke mpaka. Mipaka yenyewe huwekwa na vyombo kama SAAMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na C.I.P., iliyozaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1914. Chukua aina mbili za risasi za bastola: kwa .38 Special, SAAMI imeweka mpaka wa psi 17,000, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Kwa .357 Magnum ni psi 35,000, zaidi ya mara mbili. Na hizi mbili hutumia vichwa vya kipenyo kilekile! Kwa hiyo mimi nikishika kitabu dukani, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama jina la risasi limeandikwa juu ya kila ukurasa. Mtaniona nashikilia mambo madogo, lakini jedwali linaloendelea ukurasa wa pili bila jina ni mtego.

Sasa, kitabu kipi? Watu huuliza kipi ni kinene, au kipi kinatoa mwendo mkubwa zaidi. Maswali hayo hayakusaidii. Jiulize kwanza: nitatumia kichwa gani? Hornady, Sierra, Nosler na Speer hutengeneza vichwa, na kila mmoja huchapisha kitabu kilichopimwa kwa vichwa vyake. Hodgdon ni wa baruti, kwa hiyo vipimo vyake huanzia kwenye baruti. Lyman huchanganya vichwa vya watengenezaji mbalimbali na pia vichwa vya madini ya risasi ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, ndiyo maana anayemimina vichwa vyake mwenyewe mara nyingi huanzia hapo.

Kwa nini nasisitiza kichwa? Kwa sababu uzito peke yake hautoshi. Chukua vichwa viwili vya uzito mmoja: kimoja kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa shaba, kingine ni shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kile cha shaba tupu kitakuwa kirefu zaidi. Kikizamishwa ndani ya ganda hadi risasi nzima ifikie urefu uleule, kinaiacha baruti na nafasi ndogo, na shinikizo hubadilika. Kutumia kipimo cha kichwa kimoja kwa kingine ni sawa na kumeza dawa ya mgonjwa mwingine kwa sababu mna kilo sawa.

Baruti nazo zina hila zake. Kuna H4831 na kuna IMR 4831. Tarakimu ni zilezile, lakini IMR huwaka haraka zaidi. Anayechukua kipimo cha H na kumimina IMR anaomba balaa. Soma jina lote, herufi kwa herufi, kwenye kopo na kitabuni.

Halafu kuna greni. Vipimo vingi vya vitabu vya Marekani ni vya greni, si gramu. Greni moja ni gramu 0.0648, hivyo greni 40 ni kama gramu 2.6 tu. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe cha kubadilisha kimoja kwenda kingine, na kidole hukigusa bila mtu kujua. Kitabu kizuri hukumbusha hilo katika sura za mwanzo, zile ambazo wengi huziruka wakikimbilia majedwali. Mimi nathamini kitabu kwa sura hizo kuliko kwa wingi wa vipimo. Kama hakielezi dalili za shinikizo lililozidi na jinsi ya kukagua ganda lililotumika, kirudishe rafuni.

Mtaona pia kwamba vitabu viwili havikubaliani. Si lazima kimoja kiwe kimekosea. Mitutu ya majaribio hutofautiana, maganda hutofautiana, hata baruti ya jina moja hutofautiana kidogo kati ya shehena na shehena. Ndiyo sababu nashauri muwe na viwili. Anza na kipimo cha chini kuliko vyote, panda taratibu, na usivuke kipimo cha juu kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Ila usishuke chini ya kipimo cha kuanzia: kuna baruti, H110 kwa mfano, ambayo mtengenezaji mwenyewe anaonya isipunguzwe hovyo.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: vitabu vya kurithi kwa babu je? Vihifadhi, vina historia tamu. Lakini vingi vilipima shinikizo kwa kuponda kipande cha shaba, kipimo kinachoitwa CUP, na CUP haigeuzwi kuwa psi kwa hesabu rahisi. Siku hizi shinikizo hupimwa kwa vihisi vya umeme, na baadhi ya vipimo vya zamani vimeshushwa tangu hapo. Kwa hiyo meza ya kujazia iwe na toleo jipya, na kabla ya kuanza angalia tovuti ya mchapishaji kama ametoa masahihisho.

Haya, mzee pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.